Sauti Nyuma ya Kamera

Jumatatu, 4 Machi 2024

Barua pepe kutoka kwa Saskia, wakala wangu mpya. Wanataka kuniona tena! Ile nafasi ya mkulima mzee, tamthilia ya televisheni ya sehemu sita — na mkulima yumo katika zote sita. Si kama yule hakimu wangu aliyekaa dakika mbili kisha akapigwa risasi. Nimesoma nikiwa nimesimama jikoni, na kabla sijafika mwisho nimeshaita, "Nesta! Njoo uone!"

Kesho ni wiki tano tangu msiba. Bado namwita.

Nikasubiri kidogo, kama mjinga. Kisha nikainjika birika. Nikatoa vikombe viwili. Kimoja nikakirudisha.

Miaka miwili sasa sijapata kazi ya maana. Krismasi iliyopita nilikuwa mama mpishi katika mchezo wa watoto kule Weston — kwa desturi huchezwa na mwanamume: gauni la waridi, kifua cha sponji, nami nina miaka sabini na mbili. Nesta, mke wangu, alikuja katika baridi ile, akakaa mstari wa mbele, akacheka mpaka akakohoa. Tulidhani ni mafua.

Jumanne, 5 Machi

Barua ilikuwa na aya ya pili. Jana sikuiona kwa furaha.

Rowena Teale, yule mama anayechagua waigizaji wa tamthilia hii, anauliza: huyo anayemsomea Bwana Thirlby, yaani mimi, maneno kutoka nyuma ya kamera ni nani? Ana wakala? Wameisikiliza kanda niliyowatumia mara nne. Wanaomba irekodiwe upya, safari hii naye aonekane. Nafasi ya mke wa mkulima bado iko wazi.

Nimesoma. Nimekaa. Nimesoma tena.

Zamani uliingia chumbani, ukawatazama machoni, ukafanya usaili wako, ukatoka umeloa jasho. Siku hizi unajirekodi sebuleni kwa simu, na lazima mtu akusomee maneno ya mwenzako. Kwangu mtu huyo alikuwa Nesta. Amekuwa mpelelezi, kasisi, daktari wa meno, muuaji mara mbili — amevaa ndara, kikombe cha chai mkononi. Na kila mara kabla sijabonyeza nilimwambia, "Soma tu, mke wangu, usiigize. Kanda ni yangu." Naye hujibu, "Sawa, bwana mkubwa," akasoma kama anayesoma orodha ya sokoni.

Tarehe tisa Januari tulikuwa tumetoka hospitali asubuhi. Tulishaambiwa. Nikasema tuache kurekodi kanda ya mkulima, akasema tufanye, mchana utakuwa mrefu mno bila kazi. Siku hiyo nilisahau kumwambia asiigize.

Jumatano, 6 Machi

Nimeitazama kanda. Nilijiapiza nisiitazame.

Mkulima amerudi kutoka mjini kumwona daktari na hataki kusema alichoambiwa. Mkewe yuko jikoni. Maneno ya mke ni machache: Umechelewa. Kaa. Yai moja au mawili? Basi, hayo tu. Nesta anasema "Yai moja" — ananyamaza kidogo — "au mawili?" Sauti haitetemeki wala haina machozi. Inashuka tu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akipapasa kwa mguu. Mayai, jamani! Swali la mayai, nami nikalia peke yangu sebuleni saa nne asubuhi.

Na uso wangu kwenye picha! Nimekodoa macho, nimeduwaa, mdomo umefunguka nusu. Hao wanadhani ni uigizaji. Nilikuwa nimesahau mstari wangu. Dakika bora ya miaka hamsini ya kazi hii, na nilipewa na yeye.

Saskia akapiga simu mchana. "Clem mpenzi, Rowena hanipi hata nafasi ya kupumua. Huyo mama ni nani?"

Nikasema, "Mke wangu. Nesta."

"Kumbe ulikuwa umemficha! Anapatikana?"

Neno hilo. Katika kazi yetu matusi yote yanavumilika isipokuwa moja: hapatikani. Una homa, mguu umevunjika, mama yako yumo jenezani — unapatikana. Ukisema hupatikani mara mbili, wanasahau kukuuliza mara ya tatu.

Nikasema nitampigia baadaye. Saskia hajui. Alirithi orodha ya waigizaji ya wakala wangu wa zamani mwezi Januari, na sikumwambia habari ya msiba. Mzee aliyefiwa huonewa huruma, na anayeonewa huruma hapewi kazi. Nilijiona mjanja.

Kabla hajakata akaongeza: wanatutaka wawili. Mmoja akikosekana, watatafuta wawili wengine.

Jumamosi, 9 Machi

Nilishuka kununua nyama ya kesho. Muuza nyama, yule mwenye masharubu mekundu, akapiga saluti nyuma ya meza. "Sajini Mudge! Umekamata wangapi leo?" Miaka ishirini na sita tangu tamthilia ile niliyocheza sajini iishe, na utani ni ule ule. Nikajibu kama kawaida, "Wewe ndiye uliyebaki." Kisha akainama akafunga nyama, akasema polepole, "Vipande viwili, au…" Masikini, uso ulimwiva. Nikamwambia viwili, binti yangu anakuja.

Niandike, basi. Sijawahi kuandika popote wala kumwambia mtu.

Oktoba 1988. Alhamisi, jioni mapema. Bethan alikuwa na miezi mitatu. Simu ikalia — ile pale chini ya ngazi, meza ile ile, namba ile ile. Bwana mmoja Ferris, mkurugenzi wa ukumbi mmoja kule Leeds. Hakunitaka mimi. Alimtaka Nesta. Alikuwa amemwona akiigiza Exeter miaka miwili nyuma, hajamsahau, ana mchezo unaoanza Januari na nafasi kubwa ya mwanamke, hataki hata kumfanyia usaili. Anapatikana?

Nesta alikuwa juu bafuni anamwogesha mtoto. Hatua kumi na nne. Nilimsikia akiimba.

Nikasema, "Hapatikani. Ana mtoto mchanga."

Yule bwana akasema, pole, basi atajaribu majira ya kuchipua. Hakujaribu. Nesta akauliza kutoka juu, "Nani huyo?" Nikasema wamekosea namba.

Nimejiambia miaka yote kwamba ilikuwa kwa ajili ya mtoto. Januari hiyo nilikuwa naanza Sajini Mudge; nani angelea? Uongo. Kulikuwa na mama yake Swansea, kulikuwa na majirani. Ukweli ni Exeter. Tulicheza pamoja kule, mume na mke, na mimi nikisema mistari yangu mirefu watu walikuwa wanamtazama yeye anavyokunja shuka. Gazeti la mji liliandika jina lake kwanza. Nilimwonea wivu mke wangu. Sasa nimeliandika.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini yeye alikuwepo.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya Mama huku kwetu. Treni ya Bethan kutoka Cardiff ilijaa watu na maua. Tulipeleka ya kwetu pale bustanini kwenye majivu ya Nesta, mvua ikinyesha. Bethan akasema, "Mama angesema haya yamepangwa na mwanamume." Tukacheka. Tulikuwa bado tunaweza kucheka, saa tano asubuhi.

Baada ya chakula nikamwomba anisomee. Sikumweleza lolote, nilisema tu wanataka kanda ya pili. Nilidhani — sijui nilidhani nini. Labda nitume hiyo, labda watachanganya sauti. Akashika karatasi, akavua miwani kama mama yake.

"Nisome vipi?"

"Soma tu, usi—"

Akasoma. Umechelewa. Kaa. Vibaya kabisa, mwalimu wa hesabu akisoma majina darasani. Halafu, "Yai moja au mawili?" na pale kwenye mawili sauti ikawa ya Nesta. Silabi tatu tu. Nikazima simu, nikamwambia yote. Barua ya Rowena. Leeds. Hatua kumi na nne.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Alijua?"

"Hapana."

"Mimi nilimuuliza, baba. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nataka kuwa mwigizaji, unakumbuka? Nikamuuliza kwa nini aliacha. Akaniambia, 'Sikuacha, mwanangu. Simu iliacha kulia. Ndivyo wanavyokuambia kwa adabu kwamba huna kitu.'"

Nikaiweka simu mezani.

"Alikuwa akikata karoti," Bethan akasema. "Wala hakuwa na uchungu. Aliamini tu. Nami nikajiambia, kama mama hakuwa na kitu, mimi nina nini? Nikajaza fomu za hesabu."

Nikaanza kusema nilikuwa kijana, nilikuwa naogopa. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Sentensi moja, baba. 'Ngoja nimuulize.' Mtoto wa darasa la kwanza anayepokea simu anaijua."

Alipaswa kulala hapa. Akaondoka na treni ya saa kumi. Kabla ya kwenda aliosha vyombo vyote, hata sufuria ambazo hazikutumika. Aliniagiza nile nyama iliyobaki. Hakunibusu.

Miaka thelathini Nesta alifundisha watoto wa miaka sita. Kila Desemba, katika mchezo wa Krismasi, aliwafanya kondoo na malaika, akiwatengenezea masikio kwa soksi zangu. Wazazi walikuwa wakitoka wakifuta machozi. Mimi nilifika mara mbili. Mara nyingine zote nilikuwa kazini.

Jumatatu, 11 Machi

Bethan hapokei simu.

Saskia ameandika mara tatu. Ya mwisho: Rowena atakupigia mwenyewe, nimempa namba ya nyumbani.

Nimeandika majibu manne, nimeyafuta yote. Kusema Nesta amefariki ni kusema ukweli. Lakini kila nikiliandika naona nasema tena lile lile la Leeds, kwa maneno mengine. Na baada ya hapo watanipa pole na mkulima atapewa mtu mwingine. Naitaka kazi ile. Hata sasa! Mungu anisamehe, bado naitaka.

Nimekula nyama baridi.

Jumanne, 12 Machi

Wiki ya sita leo.

Simu ya mezani ililia saa tisa na dakika kumi. Hailii siku hizi ila kwa matapeli. Nilijua. Nikaiacha ilie mara tano, nikaipokea.

Ni Rowena Teale. Sauti ya upole, hana haraka. Akaniambia utotoni alikuwa akimtazama Sajini Mudge na babu yake, nikamshukuru. Akasema kanda ile ni nzuri sana, Bwana Thirlby. Kisha akasema, "Lakini nisikufiche. Nimepiga kwa ajili ya mkeo. Kazi hii naifanya mwaka wa ishirini, na sijui kwa nini sijawahi kusikia jina lake. Alikuwa wapi mtu huyu?"

Nikasema alikuwa hapa nyumbani.

Akacheka kidogo. "Basi, naweza kuzungumza naye? Anapatikana?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu. Lilikuwa limeandikwa kwenye bahasha, kubwa, kwa wino mweusi, kama tunavyoficha mistari jukwaani tukizeeka. Nililitazama. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Ngoja nimuulize."

Nikalaza mkono wa simu mezani. Nikapanda. Hatua kumi na nne, goti la kulia likilalamika. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi nusu. Taulo lake bado liko kwenye msumari, sijaliosha. Nikabisha — nyumba yangu mwenyewe, nikabisha hodi. Nikasema, "Nesta, wanakutaka. Wanauliza kama unapatikana." Nikamwambia ni nafasi kubwa, sehemu sita, hawataki hata usaili. Nikangoja kwa muda ambao mtu angehitaji kufikiria, kukausha mikono, kuuliza ni nani atamshika mtoto.

Nimeshuka. Nimekaa kwenye ngazi ya mwisho na daftari hili magotini kwa sababu sijui mikono niipeleke wapi. Simu iko pale mezani, natazama waya wake. Nasikia Rowena anageuza karatasi. Sasa amekohoa. Amesema, "Haloo?" mara moja, taratibu.

Hajakata. Anamngoja Nesta.