Mbuzi Saba wa Bigwa na Rupia Thelathini

Bigwa, Morogoro
Kwa kaka yangu Abdallah, Bagamoyo

Kaka,

Jumatatu iliyopita, jua halijafika utosini, mbuzi saba walitolewa katika zizi la wakwe zangu hapa Bigwa, wakaswagwa hadi mjini kwa deni langu. Nimeliweka hilo mbele ya salamu usije ukazisoma salamu tu ukakunja karatasi.

Sasa salamu. Shikamoo kaka. Mimi ni mzima wa mwili. Mke wangu Zena mzima, na mtoto ameota meno mawili ya chini, anauma kila anayempakata. Mvua imeanza huko juu mlimani, huku chini bado ni ukungu wa asubuhi tu. Nataka kujua hali ya mama: miguu imepungua kuvimba? Dawa ya kuchua niliyompa yule mpagazi ilifika? Na wewe kifua chako vipi? Natumaini hamjambo nyote.

Turudi kwenye deni. Nilichukua kwa tajiri wetu wa Bagamoyo majora ya kaniki ya rupia sitini, nije kuyauza kwa watu wa mlimani na kwa vibarua wa reli. Sitini, na faida yake imo humo humo, ulikuwapo tulipopatana. Nilimlipa wakili wake wa hapa Morogoro rupia ishirini na tano za fedha, akazigonga mezani moja moja kusikia mlio, akaridhika. Baadaye nikampa mfuko wa zile pesa za shaba za zamani, mia tatu na ishirini. Pesa sitini na nne ni rupia moja, kwa hiyo mfuko ule ni rupia tano. Zikabaki thelathini. Hizo nilikukabidhi wewe ulipokuja huku wakati wa kuvuna mahindi, umpelekee tajiri mwenyewe. Ni wewe uliyesema wakili ni mchovya asali, hachovyi mara moja.

Jumatatu hiyo Zena alikuwa shambani mlimani. Mimi nilikuwa nje ya nyumba nafunga mzigo wa chumvi. Akaja mtu mwenye kofia ya tarbushi na kiko mdomoni, na vijana wawili nyuma yake. Anaitwa Feruzi, mtoza madeni wa yule wakili. Mtu wa pwani kama sisi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu ndani."

"Sikaribii, niko kazini. Saidi bin Omari ndiye wewe?"

"Ndiye."

"Rupia thelathini na saba."

Nikamwambia anipe hesabu, maana jumla bila hesabu ni kelele. Akasema: sitini, toa ishirini na tano, toa tatu na hela ishirini.

"Hiyo tatu na hela ishirini imetoka wapi?"

"Mfuko wako wa shaba. Vipande mia tatu na ishirini. Hela mia ndiyo rupia."

"Zile zilikuwa pesa, si hela."

"Pesa imekufa, bwana. Serikali imeleta hela."

"Imefia mkononi mwa wakili. Ng'ombe akikufia zizini mwako, utamrudishia aliyekuuzia?"

Akacheka. Akaendelea: nauli ya miguu yake rupia nne, posho ya vijana wawili rupia moja, karatasi na wino hela ishirini.

"Kutoka mjini hadi Bigwa rupia nne? Njia hiyo kuku huenda akarudi bila kuchoka."

"Kuku hadai madeni."

"Na rupia thelathini alizopelekewa tajiri na kaka yangu?"

"Tajiri hajaziona."

Alilisema hilo kama mtu anayesema leo mvua haitanyesha. Kisha akaenda kwenye zizi.

Hapa, kaka, inabidi nikueleze ukwe wa huku, maana wewe umeoa mtaa wa pili na baba mkwe unacheza naye bao. Kwa Waluguru mume ndiye anayehamia kwa mke. Ardhi ni ya ukoo wa mama yake, wenyewe wanauita lukolo. Nyumba imesimama juu ya ardhi hiyo, na mbuzi ni wa ukoo huo. Changu pale ni mkeka, panga, mizani na bidhaa zangu. Tena mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Akiwa njiani mimi naingia majanini. Nikiwa uani yeye hatoki jikoni, hata nyumba iwake moto. Akiwa na neno nami hukiambia kinu, nami nikasikia. Ndiyo heshima yenyewe, na katika miaka yote hii hatujaivunja.

Feruzi akauliza, "Mbuzi hawa wa nani?"

"Si wangu. Wa ukoo wa mke wangu."

"Siku ya deni hakuna mwenye mbuzi! Haya, kama wana mwenyewe na atoke awadai. Nitamngoja mpaka kiko changu kizimike. Asije mtu kusema Feruzi ni mnyang'anyi."

Akaketi juu ya gogo. Mimi nikasimama mlangoni mwa zizi, mikono kifuani. Jikoni ikatoka sauti ya mama mkwe:

"Wewe kinu! Mwambie mgeni mbuzi hao ni wangu mimi na ndugu zangu. Hakuna hata mmoja wa mkwe."

Feruzi akageuka. "Anasema na nani huyo?"

"Na kinu."

"Basi kinu kitoke kitoe ushahidi."

Wale vijana wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama mkwe akapaza sauti tena: "Wewe kinu! Mwambie na huyo mwingine, aliyesimama kwenye zizi kama mwimo wa mlango, aende zake mtoni! Aende sasa hivi!"

Nilimsikia vizuri. Nikadhani ananihurumia, nisije nikafungwa, anataka nikimbie. Nikamjibu kwa sauti, nami nikiwa nimekigeukia kinu: "Mama, mtu hakimbii deni alilokwisha kulilipa." Nikakaza miguu pale pale.

"Wewe kinu," akasema, "mwambie huyo ni mjinga."

Kiko kikazimika. Feruzi akakigonga kwenye gogo, akanisogeza kwa bega, akafungua zizi. Nikawafuata mbuzi hadi barabarani nikibishana naye. Nilipotoka uani ndipo mama mkwe akapata njia ya kutoka, mchi mkononi, lakini mbuzi walikuwa wamekwisha vuka kijito.

Zena aliporudi na kuni kichwani alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama hakukwambia uende mtoni?"

"Aliniambia. Nilidhani anataka niokoke."

"Akuokoe wewe? Alikuwa anaokoa mbuzi. Ungeondoka tu, angetoka na mchi wake, na huyo bwana wa tarbushi angetafuta njia ya mjini. Wewe ukamfungia mlango kwa heshima yako."

Usiku ule nilipakuliwa ugali bila mboga.

Jumatano nilikwenda bomani kwa akida. Nikamweleza mambo matatu mbele ya wakili na Feruzi. La kwanza, mfuko wa shaba: ulipokelewa zama pesa ikitumika, kwa hiyo ni rupia tano, nami nimepunjwa rupia moja na hela themanini. La pili, nauli, posho, karatasi na wino: nani alipatana nami juu ya hizo? Jumla yake rupia tano na hela ishirini. La tatu, zile thelathini. Akida ni mtu wa kusinzia, lakini hesabu ilimwamsha. Akamwuliza wakili, "Mfuko huu uliupokea kama pesa au kama hela?" Wakili akaanza habari ya desturi ya biashara. Akida akamkata: "Nimeuliza moja, unanijibu saba." Akafuta moja na themanini, akafuta tano na ishirini. Rupia saba zikaanguka mbele ya macho yangu. Feruzi akaniambia pembeni, bila kinyongo, "Miguu yangu umeitembeza bure, mpwani mwenzangu."

Kwenye thelathini akida alikwama, nami nilikwama naye.

"Kaka yako alimlipa tajiri mbele ya nani?"

"Sijui."

"Alikuletea neno kwamba amelipa?"

"Hakuleta."

"Basi, bwana Saidi, wewe hujalipa. Umempa ndugu yako pesa, na hilo ni jambo la nyumbani kwenu."

Akaamua hivi: mbuzi wakae uani kwa wakili, wasichinjwe wala wasiuzwe, mpaka Ijumaa ya kwanza baada ya mwezi kuandama. Siku hiyo baada ya sala ataketi tena. Nikileta ushahidi wa zile thelathini, mbuzi warudi. Nikileta rupia thelathini taslimu, mbuzi warudi. Nikija mikono mitupu, wauzwe kwa mpishi wa watu wa reli.

Nikamwomba mjomba wa Zena, Mzee Kobelo, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, aje bomani kusema mbuzi ni wao. Alinisikiliza huku anachonga mpini wa jembe.

"Mkwe, leo niwatajie watu wa boma mbuzi saba, kesho wapande huku kuwahesabu waliobaki?"

"Lakini mjomba, ni haki yenu."

"Ni haki yetu, ndiyo maana tumeinyamazia. Deni ni lako, njia ya bomani unaijua wewe." Akapuliza vumbi la mti. "Mbuzi wakirudi, keti, ule, ulee mtoto. Wasiporudi, hakuna atakayekufukuza hapa. Ila usingoje kufukuzwa."

Umelielewa neno hilo, kaka? Maana yake nichukue mkeka na panga, nishuke. Zena atabaki kwao, na mtoto atabaki kwa mama yake, kwa kuwa huku mtoto ni wa ukoo wa mama. Nilikuja Morogoro na mzigo wa mtu mwingine kichwani, nikafika hapa nilipo kwa mzigo mmoja mmoja wa chumvi. Hakuna aliyenishika mkono. Simlaumu mjomba, nikiwa mahali pake ningesema hivyo hivyo.

Sasa wewe. Mgeni aliyetoka huko wiki tatu zilizopita alinipa salamu zako, akasema umeezeka mabati upande wa baraza. Hongera. Sikuulizi bei ya mabati.

Hapa wanaposikia naandika nyumbani wote wanataka watajwe. Zena anakuamkia. Mama mkwe, kupitia kinu, anamsalimu mama yetu. Nisalimie shemeji, mwambie kaniki aliyoagiza nitaituma mambo haya yakiisha. Nisalimie dada yetu mdogo na mumewe, na shangazi anayekaa nyuma ya msikiti, na mwalimu aliyenifunza kusoma, mwambie fimbo zake zinanifaa hadi leo. Mama mshike miguu kwa niaba yangu. Habari ya mbuzi usimsomee. Mwambie nimezuiwa na biashara.

Kaka, swali ni moja: rupia thelathini ulimpa tajiri, au hukumpa?

Kama ulimpa, mwende wewe na shahidi mbele ya liwali, aandike na kutia mhuri, karatasi hiyo iletwe na mtu wa kuaminika kwa gari moshi. Kama hukumpa, andika neno hilo moja, sitaki maelezo. Nitauza mizani na majora yaliyobaki kwa hasara, zitimie thelathini, nitoe mbuzi. Nimekwisha piga hesabu: zinatimia, lakini dalali anataka siku mbili za kutafuta mnunuzi. Kwa hiyo Ijumaa yenyewe ni kuchelewa. Jibu liwe mkononi mwangu Jumanne ya wiki hiyo, kabla ya gari moshi la jioni kuondoka. Nitakuwa stesheni tangu asubuhi. Ukisema ndiyo nitashukuru, ukisema siyo utabaki kaka yangu. Ukinyamaza nitauza mizani hivyo hivyo, nami sitakuandikia tena.

Ndimi mdogo wako,
Saidi bin Omari