Lenzi Ipi kwa Picha za Meja?

Mbale, Ijumaa jioni. Mvua imeshika tangu mchana na mlima hauonekani.

Kesho nitapiga picha kwenye sherehe ya Meja, amepandishwa cheo. Mimi ni karani tu, tena wa Jinja. Mkuu wangu aliuliza ofisini nani anajua kamera, nikanyanyua mkono nikidhani ni picha za vitambulisho.

Mkono huu!

Sherehe iliyopita ilipigwa picha na kijana mmoja wa Nakaloke, bila flashi. Nyuso zilitoka nyeusi, ya Meja haikuonyesha hata macho. Siku picha zilipofika, kijana alichukuliwa kwa gari. Mkewe bado anauliza watu.

Kwa hiyo leo nilikwenda kuujaribu ukumbi. Nina lenzi tatu, aliniachia Mhindi mwenye studio niliyekuwa namsaidia wakati wa likizo za shule, wiki ile Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini. Lenzi pana inaingiza meza kuu yote, lakini wa pembeni hunenepa, na Meja tayari ana tumbo. Ndefu ingeniruhusu kusimama mbali, karibu na mlango wa jikoni. Nakiri, hiyo ndiyo niliyoitaka. Lakini mwanga wa flashi haufiki mbali hivyo. Halafu kitu kirefu kumwelekea Meja, mbele ya walinzi wake?

Ikabaki ya kawaida. Hatua nne kutoka kwake.

Dari ni nyeupe, nashukuru. Niligeuza flashi iangalie juu ili mwanga umshukie mtu taratibu, usimchome machoni. Balbu ya kwanza ikawaka vizuri. Kila balbu huwaka mara moja tu, basi nikaitoa, nikaiweka mezani, nikatia mkono ndani ya koti kuchukua nyingine.

"Wee karani! Toa mkono! Pole pole!"

Ni askari wa mlangoni. Bunduki ilikuwa imeshaninyookea kifuani.

"Ni balbu tu, afande. Ya picha."

Akaja, akaiokota ile iliyoungua, akaitupa chini haraka. "Hii moto! Wewe nachoma askari ya serikali?"

Kisha akacheka. Nami nikacheka, kicheko nisichokitambua. Tukapatana: kesho balbu zote zitakaa kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, nitauning'iniza shingoni, na kabla ya kila picha nitanyanyua mkono mtupu.

Akataka na yeye apigwe moja. "Kofia usikate, karani. Mama nataka ona kofia." Nikampiga, na kofia yake yote.

Nilikuwa nafunga begi, pumzi zimeanza kurudi, aliponiambia kwamba kesho hayupo. Zamu ni ya mwenzake.

"Ule hapana cheka," akasema.

Nilipaswa kumwomba amweleze huyo mwenzake. Nilisema asante afande, nikatoka mvuani.

Kesho nitafika kabla ya wageni. Nitamwendea mlinzi huyo mpya na mfuko wangu shingoni, mikono wazi, niombe ruhusa ya kuwasha balbu moja mbele yake. Nimekuwa nikijizoeza maneno hayo hapa chumbani, nikiutazama ukuta. Mara tatu sasa, na kila mara sauti inakatikia kwenye "afande".