Maswali Niliyoulizwa Topeni

Same,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti je, limepoa, au bado unachechemea na kusema huumwi? Na presha ya Mama imekaa sawa? Mimi huku ni mzima kabisa, ila jua la Same limenichoma na viganja vyangu vina malengelenge. Nitakueleza yalikotoka. Barua hii anakuletea Bukuru, yule mkata mkonge wa huko kwetu Kasulu anayekuja likizo. Ameapa mbele yangu kwamba hatasema neno hata akipikiwa migebuka, kwa hiyo usimhangaishe. Mama naye amenipigia simu mara tatu tangu Ijumaa sijapokea, maana ningeropoka. Na wewe usirukie mwisho, nakujua unavyosoma magazeti kuanzia nyuma.

Najua unachotaka kusikia ni usaili wa utendaji wa kijiji. Tulikubaliana huu wa tatu ndio wa mwisho, na nikianguka naacha ukarani wa kuhesabu mizigo ya mkonge, nafungasha, narudi. Mama aliniambia mmeshakipaka chokaa chumba changu. Baba, niliposikia habari ya chokaa nililia. Si kwamba sipapendi nyumbani. Ila cheti changu cha maendeleo ya jamii kiko kwenye bahasha mwaka wa nne huu, na bahasha yenyewe imeanza kuchakaa.

Mara zote mbili niliangushwa na mambo ya sasa. Niulize kazi za halmashauri ya kijiji, nitakumwagia. Wakifika kwenye yanayoendelea nchini, kichwa kitupu. Tena kosa ni langu. Miaka yote ile ulikuwa unatuuliza mezani, "Leo kuna habari gani?" na mimi najibu, "Hakuna, Baba," ili nile niondoke zangu.

Safari hii nikasema potelea mbali. Nikanunua kijitabu cha maswali ya usaili pale wanapotoa fotokopi karibu na stendi, nikakikariri chote. Nahesabu mizigo, nataja mawaziri. Wakata mkonge wakaanza kuniita Mheshimiwa. Mama Nakunda, mwenye nyumba wangu, akachoka kusikia manaibu waziri wakitajwa bafuni. Akasema, "Mwanangu, panda Chome kwa mama yangu, kule kumetulia. Kasome mpaka siku yako ifike." Usaili ulikuwa Alhamisi. Nikapanda Jumatatu.

Chome ni juu kweli, Baba. Gari linakushusha, unamalizia kwa miguu huku ukungu unakupiga usoni. Bibi alinipokea kwa makande ya moto na mablanketi mawili. Nikalala nikijua kesho ni mimi na kijitabu changu tu.

Kumbe! Asubuhi baragumu likalia. Msaragambo. Hiyo ni kazi ya pamoja ya huku: likilia, kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea wanaweza kuja kumchukulia hata sufuria jikoni. Nikamwambia Bibi kwa adabu zote, "Bibi, mimi ni mgeni, tena nina mtihani."

Akanitazama. "Na maji uliyooga jana, yalikuwa ya wageni?"

Akanipa jembe.

Kazi ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa lao la kukinga maji ya mlimani, ambayo baadaye wanagawana kwa zamu mashambani. Tope lilinifika magotini, na baridi, we acha tu. Sikufichi, Baba, nilikuwa na hasira nusura nilie. Nikaona angalau nisipoteze siku nzima, nikaanza kuwataja mawaziri wangu kimoyomoyo, kumbe natoa sauti. Mzee Mbonea, aliyekuwa akichimba kando yangu na redio ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba, akasimama.

"Binti, huyo siye waziri wa wizara hiyo."

"Ndiye, mzee. Imeandikwa kitabuni."

"Hicho kitabu chako kilikufa lini?"

Ndiva nzima ikaangua kicheko. Nikakitoa kijitabu kwenye mfuko wa sweta, wakakizunguka na mikono yao ya tope. Ukurasa baada ya ukurasa, Mzee Mbonea anatikisa kichwa: huyu alihamishwa, huyu alistaafu, huyu Mungu amrehemu. Wiki tatu nzima nilikuwa nakariri watu walioshaondoka, na usaili ni keshokutwa.

Nadhani aliuona uso wangu. Akapaza sauti, "Jamani, mtoto huyu ana usaili Alhamisi. Tumuulize!"

Basi, Baba, wakaniuliza! Mwenye jembe ananiuliza, mwenye ndoo ananiuliza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanibana kuhusu bima ya afya mpaka nikaomba maji. Nikikosa, natozwa ndoo ya tope ya ziada. Wakimaliza kuniuliza wanageuka kubishana wenyewe: vijana wanataka ndiva isakafiwe kwa saruji, wazee wanasema saruji itapasuka, na wenye mashamba ya chini wanalalamika kwamba zamu yao ikifika maji yameshakwisha. Nilisikiliza yote. Jumatano nikarudi topeni bila kusukumwa na mtu, mpaka mchana nikashuka kuwahi gari. Bibi akanisindikiza mpaka njiapanda. "Bado nusu siku yako," akasema. "Jembe nakuwekea."

Alhamisi ulikuwa mtihani wa kuandika, nikapita. Wiki iliyofuata tukaitwa mahojiano, watu watatu mezani. Mama mmoja mwenye miwani akauliza, "Tueleze jambo moja linaloendelea sasa hivi katika wilaya hii, na wewe ungekuwa mtendaji wa kijiji ungelifanyia nini."

Nikawaeleza ndiva. Nikasema mimi nisingeamua habari ya saruji, ningeitisha mkutano, na wa mashamba ya chini ningewapa nafasi ya kusema kwanza, kwa sababu wao ndio hupata maji mwisho. Mzee aliyekaa katikati akaniuliza, "Haya umeyasoma wapi?" Nikamnyooshea viganja vyenye malengelenge. Hakucheka. Akaandika kitu, akaniambia niende.

Nisalimie sana Mama. Msalimie Shangazi Keziya, mwambie maombi yake ya Jumatano niliyasikia mpaka huku. Kaka Gwimo na shemeji nawasalimu, na mdogo wangu Yusta mwambie ahamie chumba kile chenye chokaa, asiniachie hata kona.

Naam, Baba. Majina yalibandikwa Ijumaa. Nilisoma langu mara nne, kisha nikamwomba mlinzi anisomee. Nimepangiwa kijiji cha huko huko milimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwa Bibi. Kabla sijaripoti napanda kwanza Chome kumalizia nusu siku yangu.

Sasa mwite Mama, mkae mezani, uulize kwa sauti kama zamani, "Leo kuna habari gani?"

Ipo, Baba. Leo ipo.

Mwanao,
Edina, Mtendaji wa Kijiji