Fimbo Isiyobandikwa Karatasi

S.L.P. 31,
Nyansiongo.
10 Novemba 1996

Mpendwa mwanangu Momanyi,

Nakusalimu sana, baba, wewe na mke wako Mghoi na mjukuu wangu. Mko wazima huko Mombasa? Ile homa ya mtoto iliisha? Nimewaota mara mbili mko kimya, na mimi ndoto za kimya sizipendi. Huku tuko salama, ni goti tu linanisumbua mvua ikinyesha. Naandika Kiswahili ili Mghoi naye asome, asidhani namsengenya.

Sasa nyumba. Unakumbuka wazee walisema nyumba ya babu yako Ombui iwe makumbusho, watoto wa shule waone vile watu wetu wa kwanza walifuga hapa mzungu alipoondoka? Wameanza kweli. Mabati yaliyovuja yametolewa. Mimi nimeachiwa jikoni na chumba cha nyuma. Niliwaambia nyumba bila moshi ni pango.

Nilipoona sebule imefagiliwa, machozi yalinitoka. Nilimkumbuka babu yako akisimulia vile alilaza ndama humo mwaka mzima, yeye na nyanya yako wakilala kibandani. Alisema nyumba iliyohamwa na mzungu ilaliwe na ng'ombe kwanza. Alama za meno ya ndama bado ziko kwenye ubao wa dirisha. Fundi alitaka kuupiga randa, nikamshika mkono. Na ule mkebe mkubwa wa maziwa mliokuwa mkibeba na marehemu baba yako, ukimwaga halafu unasingizia mawe ya barabara, uko pale mlangoni. Umesuguliwa unang'aa.

Mwalimu Cleophas ndiye anabandika karatasi kwa kila kitu, jina la mwenyewe na kazi yake. Juzi akafikia fimbo yako ya kuchunga, ile iko juu ya mlango wa jikoni. Nikamwambia, "Hiyo wacha."

"Mama, si ni ya zamani?"

"Mwenyewe yuko hai."

Shangazi yako Bitutu, unaujua mdomo wake, akadakia, "Bandika, Mwalimu! Huyo hatujamwona tangu mazishi ya baba yake. Akisikia amewekwa makumbusho, labda atakuja kujitoa."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, lakini chai yangu ilinishinda kumaliza.

Baba, wewe ndiye kitindamimba, na kwetu nyumba ya mama ni ya kitindamimba. Wazee wamekataa kuifungua iwe makumbusho mpaka useme mwenyewe kwamba umekubali, umesimama mlangoni. Barua hawataki. Watangoja mpaka katikati ya Desemba. Usipokuja, kuna mtu wa kule chini anataka kuibomoa anunue mawe na mbao za nyumba, na kaka yako Mose ameanza kumsikiliza. Simlaumu, amechoka kulinda nyumba isiyo yake. Lakini mimi sina nguvu ya kushindana naye.

Kama ni kazi inakuzuia, niambie. Kama ni uchungu wa baba yako, njoo tulie pamoja, kisha twende tukakamue.

Mwambie Mghoi ndizi zake zimeiva. Mose na Bitutu wanawasalimu. Mungu aliyechunga ndama wa babu yako awachunge na nyinyi njiani.

Fimbo nimeipaka samli. Bado haina karatasi.

Anayekungoja kwa upendo,
Mama yako, Nyakerario