Kisanduku cha Matumizi Binafsi

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa chini ya hicho kiyoyozi chenu? Mimi mzima, isipokuwa goti na kiwiko. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unasema "sawa Mama, sawa Mama," halafu unakata. Barua huwezi kunikatia.

Jumanne asubuhi nimemgonga mtu.

Nilikuwa nashuka barabara ya hospitali na sanduku la mikate nyuma, kwa mwendo wangu ule ule ambao waendesha pikipiki wenzangu hunicheka. Mkanda wa sanduku ukalegea, ukaanza kupigapiga. Nikageuka kuutazama. Ni kugeuka tu, mwanangu, hata pumzi mbili hazikupita. Nilipotazama mbele nikakuta nimeshapiga kioo cha pembeni cha gari lililoegeshwa, na pikipiki imepanda kwenye baraza la maduka. Aliyekuwa amesimama pale anafungua kufuli la duka lake ni Fundi Kola, yule mshonaji tunayemwita hivyo kwa kuwa hakuna anayegeuza kola ya shati kama yeye.

Mguu wake wa kulia umevunjika mahali pawili chini ya goti. Ndio mguu wa pedali, na cherehani yake si ya umeme. Miwani yake nayo imesagika. Hana mke wala mtoto, kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda kumwona kila siku. Nikiingia wodini ananipokea hivi: "Karibu, mgongaji wangu." Wagonjwa wote wanacheka, nami nacheka, lakini nikitoka nje machozi yananitoka.

Kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Nakuuliza wewe kwa kuwa bima ndiyo kazi yako: ile bima ndogo uliyonikatia itamsaidia?

Mama yako


12 Februari

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona. Lakini barua yako imenitoa jasho hapa hapa chini ya kiyoyozi. Goti umelionyesha kwa daktari, au umelifunga kitambaa ukaendelea kukanda unga? Nakujua.

Nijibu ulichouliza. Bima ndogo ndiyo ya chini kabisa inayokubaliwa na sheria. Bila hiyo, pikipiki wala gari haliruhusiwi kuingia barabarani. Haikutibu wewe wala haitengenezi pikipiki yako. Kazi yake ni kumlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali, mpaka kiwango ambacho sheria imekiweka, na mguu mmoja na kioo kimoja havifiki hata nusu ya kiwango hicho. Kwa hiyo Fundi atatibiwa na atalipwa siku alizokosa kazi.

Sasa kuna jambo, na ulisome ukiwa umekaa. Kwenye fomu ya bima kuna visanduku viwili: "matumizi binafsi" na "biashara". Cha biashara ni ghali zaidi. Nilipokujazia fomu niliweka tiki kwenye binafsi. Hapa ofisini tunafanya hivyo kila mwisho wa mwezi, tunaita kumpunguzia mteja. Mteja anafurahi, idadi ya mauzo inafika, na hakuna anayeuliza mpaka ajali itokee. Lakini kampuni ikijua ulikuwa umebeba mikate ya kuuza, itasema pikipiki haikukatiwa bima ya kazi hiyo, na itakataa kulipa.

Kwa hiyo mkaguzi wetu akija, mwambie ulikuwa unakwenda kupima presha. Mikate ilikuwa ya jamaa. Basi, usiongeze neno. Nakuomba, Mama, mara hii moja funga mdomo.

Binti yako


20 Februari

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na goti nimelionyesha kwa daktari, ili usinisumbue. Presha haijambo. Sikwenda kuipima siku ile na wewe unajua.

Mkaguzi wenu alikuja kabla ya barua yako, bwana mmoja mwenye viatu vyeupe ambaye alikataa kukaa kwenye kiti changu kwa kuogopa unga. Aliniuliza nilibeba nini. Nikamwambia mikate sitini na minne. Akaniuliza ya nani. Nikamwambia ya kuuza. Na hata kama barua yako ingemtangulia, mwanangu, ningemwambia nini? Mikate ilitapakaa kuanzia duka la dawa mpaka kwa kinyozi. Mtaa mzima uliikusanya, ukanipangia barazani, na kinyozi akaniletea mmoja wenye alama ya tairi, akaniuliza kama huo nao nauza bei ile ile. Jamaa gani huyo anayekula mikate sitini na minne?

Siku uliponijazia fomu ofisini nilikuuliza kwa nini umeweka tiki pale. Ulisema, "Mama, acha, hii ndiyo kazi yangu." Nikaacha. Hilo ni kosa langu la pili, nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Sasa unaniambia niufunge wakati mtu amelala na mguu umening'inizwa.

Sibadilishi maneno yangu. Tafuta njia nyingine, nawe una akili za kuitafuta.

Mwenye gari alikuwa na bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari la mwenyewe, na kampuni yake imeshamwekea kioo kipya. Kioo kimepona ndani ya siku sita. Mguu bado.

Mama yako


2 Aprili

Mwanangu,

Wiki sita hujaniandikia. Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako nimeiona kwa maandishi.

Jana Fundi Kola alipata barua kutoka kampuni yenu. Kwa kuwa hana miwani, aliniomba nimsomee. Nikaketi kando ya kitanda, nikasoma kwa sauti, wodi nzima ikisikiliza. "Tunasikitika kukufahamisha kwamba madai yako hayawezi kulipwa, kwa kuwa chombo kilitumika kinyume na maelezo ya mwenye bima." Nikaendelea mpaka mwisho, nikafika kwenye sahihi.

Sahihi yako naijua. Huo mkia mrefu uliubuni ukiwa darasa la sita, ukanichorea ukuta mzima wa jikoni kwa mkaa, nikakuchapa, kisha nikakaa peke yangu nikiutazama kwa fahari. Nikaishia hapo. Fundi akaniuliza kama kuna maneno mengine. Nikamwambia hakuna.

Daktari anasema mfupa umeungana upande. Inabidi uvunjwe upya na kuwekewa chuma, na isipite Juni, la sivyo mguu huo hautakanyaga pedali tena. Nimeuza oveni ya pili, na haikufikia hata robo ya gharama.

Fundi hajui kwamba wewe ni wangu. Anamlaani aliyeandika barua ile kila asubuhi kabla ya chai, nami nakaa pale namsikiliza akikulaani.

Mama yako


9 Aprili

Shikamoo Mama,

Sijui nianzeje. Faili la Fundi lilikuja mezani kwangu Machi. Utaratibu wetu unataka karani aseme kama mwenye bima ni ndugu yake. Sikusema, kwa sababu wangeuliza nani alijaza fomu. Barua za kukataa ziko tayari kwenye kompyuta, wewe unaweka namba ya faili tu. Natia sahihi arobaini kwa wiki. Ile niliitia katikati ya nyingine, haraka, nikavaa miwani ya mbao. Nilijidanganya kwamba mambo yatajipanga yenyewe.

Wiki sita sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Hakuna sababu nyingine.

Nikuambie sasa jambo ninalolijua vizuri kuliko Meneja wetu. Karani wa kampuni akijaza fomu vibaya, na akawa anajua ukweli, kosa ni la kampuni, si la mteja. Kampuni haiwezi kukataa kumlipa aliyeumia, wala haiwezi kukudai wewe baadaye. Nilijua unauza mikate. Mikate hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nikisema tu kwamba tiki ile niliiweka mimi, nikijua, Fundi atalipwa. Na mimi nitafukuzwa, hilo halina mjadala. Miaka kumi na moja, Mama, na mwakani ningekuwa mkuu wa dawati.

Nimepiga moyo konde, lakini miguu inakataa. Niambie niende. Wewe ukisema, nitakwenda.

Binti yako


15 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, na wewe nakuombea uwe hivyo.

Nilianza barua ya kukuambia usiende. Miaka kumi na moja si mchezo, na mimi ndiye niliyekununulia gauni la siku ya kwanza kazini. Nikaichana. Nikaandika nyingine ya kukuamuru uende. Hiyo nayo nikaichana. Mimi ni mama yako, na pia ni mgongaji wa Fundi Kola, na wiki hii hao wawili hawaelewani kabisa.

Kwa hiyo sikuambii uende wala usiende. Wewe si mtoto. Nitakuambia la kwangu. Nimeuliza, nimeambiwa iko ofisi ya serikali inayosimamia makampuni ya bima, na inapokea malalamiko ya mtu yeyote anayejua kuandika. Mimi najua kuandika. Tarehe mbili Mei nitapeleka malalamiko yangu. Jina lako sitalitaja. Lakini wakiniuliza nani alijaza fomu, sitasema uongo, na sitajifanya nimesahau.

Nimekupa siku za kutangulia. Nakupenda, na sitabadilisha tarehe.

Mama yako


28 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimetangulia.

Niliingia kwa Meneja Jumatatu saa mbili na nusu, na fomu mkononi. Nikamwambia, "Mwenye bima hii ni mama yangu, tiki hii ni yangu, na nilijua ni ya uongo." Akainuka, akafunga mlango. Nilidhani atapiga kelele, kumbe alishusha sauti. Akasema, "Fomu haina jina la aliyejaza. Hakuna aliyeuliza. Rudi kwenye kiti chako."

Mama, kwa muda nilikitazama kile kiti kupitia kioo cha mlango. Kina mto wangu wa mgongo. Sitakuficha, nilikitamani.

Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayeuliza." Akaniuliza kama najua nafungua nini, maana kila karani pale amewahi kumpunguzia mteja. Nikamwambia najua za kwangu, ni mia moja na kumi na tisa, na nikamwekea orodha mezani. Huko barabarani wako watu mia moja na kumi na tisa wanaodhani wana bima. Hapo ndipo alipokaa chini.

Ilichukua siku nne na wanasheria wawili. Madai ya Fundi yamekubaliwa yote: upasuaji, siku za kazi, hata miwani. Wewe hudaiwi kitu. Wateja wote wa orodha ile wataitwa wabadilishiwe fomu, nao watanichukia. Mimi kazi sina tangu Ijumaa.

Niliomba jambo moja kabla ya kutoka, kwamba barua ya Fundi niiandike mwenyewe. Kwenye kompyuta ya dawati langu hakukuwa na mfano wa barua ya kukubali kosa, kwa hiyo nilitunga yangu. Itamfikia wiki hii. Nimeeleza kwamba aliyetia sahihi ile ya kwanza ndiye aliyejaza fomu, na ndiye anayeandika hii. Sikusema mimi ni mwanao. Hilo nimekuachia wewe.

Binti yako


10 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Unakula? Usinijibu "sawa Mama".

Barua ilifika Jumatano. Miwani mipya bado haijatengenezwa, kwa hiyo nilisoma mimi tena. Safari hii nilisoma polepole. Nilipomaliza, wodi ilishangilia, hata yule mzee wa kitanda cha dirishani ambaye hatujawahi kumsikia akisema. Fundi hakushangilia. Alitaka nirudie pale panaposema aliyejaza fomu na aliyetia sahihi ni mtu mmoja. Nikarudia. Akasema, "Huyo karani ana moyo gani?"

Nikamwambia, "Ni binti yangu."

Akageukia ukutani. Nilikaa, sikujua niondoke au nibaki. Daktari wa zamu akaja, akaondoka. Baadaye Fundi akaniuliza, bila kugeuka, kama bado una kazi. Nikamwambia huna. Akaniuliza kama wakati namsomea ile ya kwanza nilijua. Nikamwambia nilijua, na kwamba kila asubuhi alipokulaani nilinyamaza kwa sababu ulistahili. Nimemgonga mtu yule mara mbili, mwanangu, na mara hii ya pili sikugeuka kutazama sanduku.

Upasuaji umefanyika juzi na umekwenda vizuri. Chuma kimo ndani. Daktari anasema ataanza kujaribu kusimama baada ya wiki sita, Mungu akijalia.

Jana nilipoingia hakuniita mgongaji. Aliniita kwa jina langu, na sijui kama hilo ni jema au baya. Akasema niandike maneno yake kama yalivyo, nami nayaandika: "Mwambie asije kuniomba radhi nikiwa nimelala. Mtu aliyelala husamehe kwa kuwa hana la kufanya. Aje siku nitakapokuwa nimesimama, ndipo nitamwambia ninachotaka kumwambia."

Sijui atakuambia nini. Nimemtazama usoni na sikusoma kitu. Njoo hivyo hivyo.

Mama yako


17 Mei

Shikamoo Mama,

Nakula. Nafika Alhamisi.

Sitapita hospitali. Mwambie Fundi Kola nipo nyumbani kwako, nakanda unga, na nitangoja mpaka asimame.

Binti yako