Koti la Mifuko Kumi na Minne

Dada yangu mpenzi,

Kaa chini kwanza. Ijumaa nakuja, tena kwa ndege! Tiketi ni ya bei ya kutupa, ila ina masharti: Jumapili nirudi, na nisibebe begi hata dogo. Lakini mimi si fundi cherehani? Nimejishonea koti lenye mifuko kumi na minne kwa ndani. Nguo ya kulalia iko kwapani, ndala mgongoni, zawadi za watoto wako kiunoni. Shemeji yako aliponiona nalijaribu alicheka mpaka machozi. "Mke wangu, umekuwa godoro linalotembea!" Acha acheke. Sijawahi kupanda ndege mimi, hata usingizi umenihama.

Kitu kimoja tu kimekataa kuingia mfukoni: gauni la mama, lile tulilovutania siku ya maziko yake. Nilikushinda, nikalifungia kabatini, na miaka sita yote sijathubutu kulivaa. Ijumaa nitalivaa, chini ya koti.

Kwa hiyo ukija kunipokea uwanjani, niletee gauni lako moja uniazime. Hili la mama sirudi nalo.

Mdogo wako mkaidi,
Godoro