Majina Kumi na Moja Kwenye Waya

Alhamisi, Julai 1998. Thika.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Ukungu haukuondoka hata saa sita. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka.

Labda si baridi.

Nianze na ubaya wangu. Jumatatu mkurugenzi aliniambia niandike majina ya wafanyakazi kumi na mmoja watakaofutwa mwisho wa mwezi. Mimi ndiye sekretari wake kiwandani, tunakotengeneza blanketi. Niliyaandika kwenye kompyuta, nikamtumia meneja kupitia ule waya mpya unaounganisha kompyuta zetu tatu: yangu, ya meneja na ya stoo. Karatasi sikutoa hata moja.

Jumanne asubuhi kina mama wa kushona walikuwa wakiyataja yote, tena kwa mpangilio uleule.

Mkurugenzi akaniita. "Nani aliingia ofisini kwako jana?"

Nikasema Halima.

Ni kweli aliingia, tukanywa chai. Ni jirani yangu hapa mtaani Makongeni, na jina lake lilikuwa la nne. Nilimmiminia chai nikijua. Lakini hakuona kitu, nilikuwa nimezima kompyuta. Nilimtaja ili macho ya mkurugenzi yaniondokee. Siku hiyohiyo alifukuzwa, askari akamsindikiza mpaka langoni.

Tangu hapo simwamini mtu. Meneja akikohoa, nageuka. Jana Muchiri, karani wa stoo, aliniuliza kama nimelala vizuri. Kwa nini aulize?

Leo alikuja Ndung'u, fundi wa Ruiru aliyetuwekea ule waya, kutazama printa. Nikamwuliza kama mtu anaweza kusoma ninachotuma. Akaketi kwenye kompyuta ya stoo, akaniambia nikatume chochote. Nilienda nikamwandikia meneja kwamba printa imepona. Niliporudi, maneno yangu yalikuwa pale kwenye skrini ya stoo, yote, pamoja na neno langu la siri. Ni jina la marehemu mama yangu.

"Hakuna kinachofichwa, madam," Ndung'u alisema. "Kwenye waya kila kitu kinapita uchi. Mtu akiwa na programu kama hii, anasoma tu."

"Umekuja nayo?"

"Hapana. Nimeikuta humu."

Muchiri alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi.

Nilimwita mkurugenzi akajionea mwenyewe. "Halima arudi Jumatatu," akasema. "Afanye kazi mpaka mwisho wa mwezi kama wenzake."

Basi. Hiyo ndiyo haki yenyewe.

Saa kumi na moja nilipita kwa Halima. Alikuwa anakunja nguo. Nilimweleza yote, nikikawia sana kwenye habari ya waya.

"Kwa hivyo aliyenitaja ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Si kompyuta."

"Si kompyuta."

Akakunja shuka, akalilaza juu ya mengine. "Nenda nyumbani, Wambui. Kazini nitakuja. Lakini asubuhi usinipitie tena."

Kesho Muchiri anahojiwa, na mimi nitaulizwa tena ni nani. Sikumwona akisoma. Nilimwona amesimama mlangoni. Nitasema hilo tu, hata mkurugenzi akinikazia macho mpaka jioni.